Mguu wa Nyuma

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa usaisi. Uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong, Nairobi, uko pale tangu 1954, na mabanda yake huamka mapema. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshatoa samadi na kubadilisha maji, nimeshika brashi. Farasi wanne, kila siku, miaka sita. Kuchora kulinijia jioni, kwa kipande cha makaa na karatasi za mifuko ya chakula chao.

Farasi wangu wa mwanzo walikuwa mbwa warefu. Tajiri mmoja aliyeniagiza picha ya farasi wake aliitazama, akanirudishia bila neno wala malipo. Iliniuma, lakini hakukosea.

Tatizo lilikuwa mguu wa nyuma. Nilidhani kile kifundo kinachochomoza nyuma ni goti lililogeuka. Asubuhi moja, nikitaka kuinua mguu nichokonoe kwato, niliteremsha kiganja polepole kutoka pajani. Goti nikalikuta juu kabisa, karibu na tumbo, limefichwa na nyama. Kile nilichokuwa nikikiita goti ni kisigino! Nikasimama kwa ncha za vidole palepale bandani, nikauelewa mguu wake kwa mguu wangu. Farasi hutembea juu ya ukucha wa kidole kimoja, maisha yake yote.

Mbio zilinitesa zaidi. Katika chumba cha matandiko ilitundikwa picha ya zamani ya Kiingereza: farasi shoti, miguu ya mbele imenyooka mbele, ya nyuma imenyooka nyuma. Nikaiga. Baadaye, maktabani, nilikutana na picha alizopiga Eadweard Muybridge huko Palo Alto, California, mwaka 1878. Alipanga kamera kandokando ya njia, zikaonyesha kwamba kwato zote nne huachana na ardhi wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, si iliponyooshwa. Hata Mfaransa Géricault, aliyechora mbio za Epsom mwaka 1821, aliwanyoosha wake vilevile. Nilifarijika, kisha nikaona haya. Jumapili ngapi nilikuwa nimesimama kwenye uzio, farasi wakinipita hatua chache tu, nami nikaona kile nilichoonyeshwa na picha ya ukutani?

Tangu hapo nikaamini kiganja kwanza. Nilipoacha usaisi nikaanza kuishi kwa rangi, kila picha niliianza kama nilivyoanza kupiga brashi: shingoni, begani, nikishuka. Farasi mweusi simpaki weusi mtupu. Juani mgongo wake hushika buluu ya anga, na tumbo hushika rangi ya udongo.

Saisi mzee aliyenifundisha kazi hakuwahi kusifu picha. Alikuwa akiuliza swali moja: "Huyu amesimamia mguu gani?" Nikanyamaza. "Farasi wako hajawahi kuchoka, kijana wangu."

Miaka kadhaa baadaye nilimpelekea farasi aliyepumzisha mguu wa nyuma, ncha ya kwato ikigusa majani makavu. Aliinama kuutazama, mkono ukiwa tayari kama wa mtu anayetaka kuuinua.

"Kiatu hiki kitang'oka," akasema. "Kina misumari miwili tu upande huu."

Nikarudi nyumbani, nikaongeza msumari wa tatu.