Kufungua ndiva

Nimepitia orodha ya Kinetics, mkusanyiko wa video uliotolewa na DeepMind mwaka 2017 ili kuifundisha akili mnemba kutambua matendo ya watu. Matendo 400, kila kipande sekunde 10 hivi. Kukamua ng'ombe kumo, kusuka kikapu kumo, hata kuondoa theluji kwa beleshi. Kufungua ndiva hakumo. Sishangai: video zilitoka YouTube, na wazee wa kwetu Upareni hawapakii kazi zao huko.

Ndiva ni bwawa la maji ya mfereji. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, mashamba yanapata maji kwa zamu. Mtandao wa neva wenye tabaka nyingi unasoma picha na mwendo uliopo kati ya picha na picha: mtu kainama, mkono tunduni, maji hayoo. Ukiulisha mifano ya kutosha utajifunza, sina ubishi. Lakini mwenye zamu na mwizi wa maji wanainama vilevile.

Nimeshuhudia majirani huko milimani Same wakinuniana msimu mzima kwa maji ya nusu saa. Aliyefungua hakukana kufungua. Alichobishia ni siku.