Sufuri ya Deni na Mofimu Kapa: Juu ya Jina la Klasi Dhahania

Katika makala haya mafupi ninakusudia kujadili istilahi moja tu, nayo ni klasi dhahania. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nimefundisha mofolojia ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini, na istilahi hii niliikuta katika mswada wa kitabu cha kiada nilioletewa ili nisahihishe lugha. Nilidhani kazi hiyo ingenichukua siku mbili. Neno hili peke yake lilinichukua mwezi mzima, kwa sababu mwanafunzi atakayelisoma atajenga juu yake picha ya jinsi mashine inavyofanya kazi, na kwa maoni yangu picha hiyo itampotosha.

Tuanze na jambo lenyewe. Katika lugha za programu kama C++ na Java, mwandishi hupanga kazi yake katika klasi, yaani ruwaza ambazo kwazo vitu huumbwa. Tuchukue klasi iitwayo Umbo, yenye watoto wawili, Duara na Mstatili. Kila umbo lina eneo. Eneo la mstatili ni urefu mara upana. La duara ni pai mara mraba wa nusukipenyo. Lakini eneo la umbo tu, lisilo duara wala mstatili, halina kanuni. Kwa hiyo Umbo hutangaza kwamba kipo kitendo kiitwacho eneo, kisha huwaachia watoto wakijaze. Klasi ya namna hiyo ndiyo iitwayo dhahania, na kompaila haikubali kuumba kitu kutokana nayo moja kwa moja.

Mwanasarufi hana sababu ya kushangaa. Kamusi zetu huandika -zuri, -refu na -kali kwa kutanguliza kistari. Kistari hicho hakitamkwi na mtu yeyote. Ni tangazo kwamba mbele ya shina ipo nafasi, na kwamba nafasi hiyo sharti ijazwe na ngeli: mtu mzuri, kiti kizuri, miti mizuri. Bjarne Stroustrup, muundaji wa C++, alihitaji kistari chake mwenyewe alipoingiza klasi dhahania katika toleo la 2.0 la mwaka 1989. Katika kitabu chake cha historia ya lugha hiyo, kilichotoka mwaka 1994, ameeleza kwamba hakuona uwezekano wa kukubaliwa neno jipya wakati toleo lilikuwa karibu kutoka. Akaandika alama ya sawa na, ikifuatiwa na sufuri.

Sufuri hiyo ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Sisi wanaisimu tuna sufuri yetu, ile tuiitayo mofimu kapa. Tunaposema gari zuri, nafasi iliyo mbele ya shina haikuachwa wazi. Imejazwa kwa ukimya, na msikilizaji hangoji kitu kingine. (Jambo jipya na gari jeupe hutukumbusha kuwa kapa hii nayo ina mipaka.) Katika programu ukimya wa aina hii upo pia: ni kitendo chenye mwili mtupu, kisichofanya lolote. Kompaila hukipokea na kuendelea, kwa kuwa kutofanya lolote ni jibu halali. Sufuri ya Stroustrup si jibu. Ni deni. Tena C++ humruhusu mama kukiandikia mwili kitendo hichohicho alichokitia sufuri, mwili ambao mtoto anaweza kuutumia kwa kuutaja waziwazi. Hata hivyo mtoto asiyeandika kitendo chake mwenyewe hubaki kuwa dhahania kama mama. Deni halifutwi kwa kuwa mama ana akiba.

Je, kompaila hulitunza wapi deni hili? Kwa kawaida kompaila ya C++ hutengeneza, kwa kila klasi yenye vitendo vinavyoweza kuandikwa upya na watoto, jedwali la anwani, na kila kitu kinachoumbwa hubeba kielekezi cha jedwali hilo. Programu inapoagiza eneo, haiulizi kama kitu hiki ni duara au mstatili. Hufuata kielekezi, hufika kwenye nafasi iliyopangiwa eneo, na kutekeleza maagizo yaliyoko katika anwani hiyo. Umbo nalo huweza kuwa na jedwali lake. Katika nafasi ya eneo huwekwa, kwa kawaida, anwani ya utaratibu mdogo ambao kazi yake ni kutangaza kosa na kuisimamisha programu. Msomaji atauliza nafasi hiyo itafikiwaje ikiwa Umbo haliumbwi. Jibu ni kwamba Duara linapoumbwa, sehemu ya mama hujengwa kwanza, na katika muda huo mfupi kielekezi huonyesha jedwali la Umbo. Mama akiita kwa njia ya mzunguko kitendo cha eneo wakati huo, hukutana na utaratibu ule wa kosa.

Katika Java, iliyotangazwa mwaka 1995, faili la klasi hubeba alama ya udhahania, na kitendo kinachodaiwa huandikwa humo bila maagizo yoyote. Kompaila hukataa kuumba kitu. Mashine inayoendesha programu hukataa mara ya pili. Marudio hayo yana sababu: klasi huweza kupitishwa kwenye kompaila kwa nyakati tofauti, na mama aliyekuwa kamili jana anaweza kuongezewa deni leo ilhali klasi inayomuumba haijapitishwa tena.

Sasa turudi kwenye jina. Tuliyemfundisha sarufi anajua nomino dhahania: uzuri, upendo, njaa. Hizi ni nomino kamili. Uzuri husimama pekee na kuwa kiima cha sentensi. Klasi tunayoizungumzia haifanani na uzuri. Inafanana na -zuri. Neno dhahania linamwelekeza mwanafunzi kwenye yaliyomo akilini tu, hali mama huyu anaweza kuwa na jedwali, anwani na nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta. Nilifikiria klasi tegemezi, kwa kufuata mofimu tegemezi, nikaliacha kwa kuwa katika urithi mtoto ndiye anayemtegemea mama. Ninapendekeza klasi pungufu. Mwenzangu mmoja amesema pungufu linasikika kama lawama. Sikubaliani naye: ni na si tumeviita vitenzi vishirikishi vipungufu kwa miaka mingi, na hakuna aliyeviona kuwa na kasoro.

Katika mswada nimeandika pungufu, na nimelitaja dhahania mara moja ili msomaji alitambue akilikuta kwingine. Sura inayofuata inaliita kiolesura lile tangazo la Java ambalo katika umbo lake la awali lilikuwa na madeni matupu, ingawa kiolesura tumezoea kukitumia kwa sura ya programu aionayo mtumiaji. Hilo bado sijalipatia jina.