Asili Ipi? Kaka Yangu, Linkin Park na Albamu ya Mwaka 2010

Kaka yangu husema kwamba Linkin Park walikufa mwaka 2007. Hasemi kwa mzaha. Kwake yeye bendi ile ina albamu mbili tu, Hybrid Theory ya mwaka 2000 na Meteora ya mwaka 2003, na yote yaliyofuata ni kazi ya watu wengine waliovaa jina la marehemu. Mimi nashikilia kwamba kazi yao bora ni ile anayoichukia kuliko zote, A Thousand Suns, iliyotoka Septemba 2010. Ubishi huu una miaka mingi nyumbani kwetu Jinja, lakini tangu nilipochagua kusoma Kiswahili chuoni umebeba uzito mwingine, kwa kuwa hoja anazozitoa juu ya bendi ndizo anazozitoa juu yangu.

Kwa wenzangu wasioijua bendi hii, nieleze kidogo. Linkin Park ni bendi ya roki kutoka California, Marekani. Ilianza mwaka 1996 kwa jina jingine, na mwaka 1999 ikampata mwimbaji Chester Bennington. Hybrid Theory ilipotoka Oktoba 2000, ilikuwa na mpango ulioeleweka mara moja. Mike Shinoda anafoka beti kwa sauti tulivu, kisha gitaa la Brad Delson linanguruma na Bennington anapanda na kiitikio, kwanza kwa kuimba, halafu kwa kupiga ukelele kama mtu aliyefungiwa chumbani. Nyuma yao Joe Hahn anachezesha santuri na kukatakata sauti. Nyimbo 12, nyingi zikiwa za dakika tatu hivi, zote zikizungumzia hasira na maumivu ya mtu ambaye haelewi kwa nini anaumia. Vijana wa nchi nyingi waliipokea kana kwamba imeandikwa kwa ajili yao.

Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Baba yetu alifariki mwaka 2004, mimi nikiwa mtoto mchanga na yeye akiwa na miaka 16. Mama anasimulia kwamba katika miezi ile hakulia mbele ya watu hata mara moja. Aliingia chumbani, akaweka sidii ya Meteora aliyonakiliwa kwenye kibanda kimoja sokoni, akafungulia sauti mpaka majirani wakalalamika. Mama hakumkataza. Anasema alielewa kwamba kuna mtu mwingine anayelia badala ya mwanawe, basi akamwacha alie. Kwa hiyo nisimfanye kaka yangu aonekane mjinga katika insha hii. Anapodai kwamba bendi ile isibadilike, hadai burudani. Anadai rafiki aliyemshika mkono siku mbaya abaki na sura ileile, ili siku mbaya nyingine ikija amtambue.

Mwaka 2007 ilitoka Minutes to Midnight. Bendi ilimchukua mtayarishaji Rick Rubin akafanya kazi pamoja na Shinoda, na mpango wa zamani ukavunjwa. Nyimbo ambazo Shinoda anafoka zilibaki mbili tu. Kaka akaisikiliza, akaiweka pembeni. Miaka mitatu baadaye ikaja A Thousand Suns, na hapo akafunga mlango kabisa.

Ni rahisi kuelewa kwa nini. Albamu hiyo ina vipande 15, lakini sita kati yake ni vifupi vya kuunganisha tu, na vyote vimeshonwa pamoja hata usijue mmoja umeisha wapi na mwingine umeanza wapi. Inachukua dakika zipatazo 47, na ukiisikiliza kwa kuchaguachagua haina maana. Gitaa limerudishwa nyuma, mahali pake pakachukuliwa na vinanda vya umeme, ngoma nzito, sauti za mashine na hotuba za watu waliokwisha kufa. Anasikika J. Robert Oppenheimer, mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, ambaye maneno yake ndiyo yaliyoipa albamu jina, naye aliyachota kutoka Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Anasikika Mario Savio akihutubia wanafunzi wa Berkeley mwaka 1964. Anasikika Martin Luther King akipinga vita vya Vietnam mwaka 1967, na kadiri anavyoendelea sauti yake inaharibiwa polepole mpaka inakuwa ya mashine. Kipande kimoja kinaitwa Jornada del Muerto, jina la jangwa la New Mexico ambako bomu la kwanza lilijaribiwa Julai 1945, na maneno yanayoimbwa humo ni ya Kijapani. Shinoda mwenyewe ni wa ukoo wa Kijapani upande wa baba.

Hiki ndicho ninachokipenda. Hasira ya albamu mbili za kwanza ilikuwa ya mtu mmoja chumbani mwake. Katika albamu hii hasira ileile imetoka nje, ikauliza ni nani anayewatisha watu wote kwa pamoja. Bennington alikuwa na miaka 24 Hybrid Theory ilipotoka. Mwaka 2010 alikuwa na miaka 34, mume na baba wa watoto. Angeendelea kulia kilio cha kijana wa miaka 17, tungepata mwigizaji hodari wa maumivu yake ya zamani. Watu wangemshangilia kwenye viwanja, lakini angekuwa anatudanganya.

Kaka hujibu kwa methali, na kwa kuwa anajua ninasoma Kiswahili, huitoa kwa Kiswahili: mwacha asili ni mtumwa. Methali hii nimeifikiria sana, maana huwezi kuipinga kwa kusema asili haina thamani. Swali langu kwake ni lingine: asili ipi? Ukiirudia Hybrid Theory kwa makini utakuta kipande kisicho na mwimbaji, Cure for the Itch, ambacho ni kazi ya Joe Hahn na mashine zake. Mwaka 2002 walitoa Reanimation, albamu nzima ya nyimbo zao zilizovunjwa na kujengwa upya, ambamo mara nyingi gitaa halisikiki. Sauti zilizonakiliwa, midundo ya mashine na kukatakata hotuba havikuja mwaka 2010. Vilikuwepo tangu mwanzo, vikiwa vimesimama nyuma ya gitaa. Kilichotokea ni kwamba waliokuwa nyuma wamesogezwa mbele. Kaka alishika kile kilichopiga kelele zaidi akakiita asili.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna mfano mzuri wa jambo hili karibu nasi. Wapo wanaolalamika kwamba taarabu ya kisasa imeua taarabu ya asili. Lakini taarabu katika kasri la masultani wa Unguja iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mwanamke wa kijijini, ndiye aliyeifanya isikike kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Kwa masikio ya baadhi ya wakubwa wa wakati ule, yeye ndiye angeonekana mwacha asili. Leo yeye ndiye asili yenyewe. Mara nyingi kitu tunachokilinda dhidi ya mabadiliko ni mabadiliko ya jana yaliyozoeleka.

Sasa nifike mahali panapoumiza. Baada ya baba kufariki, kaka aliacha shule akajifunza kutengeneza simu na redio, na kwa kazi hiyo akanisomesha. Nilifaulu fizikia na hesabu. Katika mawazo yake nilikuwa tayari mhandisi wa umeme, mtu ambaye angefanya kwa vitabu kile ambacho yeye alikifanya kwa kubahatisha. Nilipojaza fomu za chuo nilichagua elimu, masomo ya Kiswahili na Historia. Alinyamaza siku nne. Siku ya tano akaniambia, kwa Kisoga, kwamba amenisomesha miaka yote ili nije kuzungumza lugha ya vizuizi vya barabarani.

Wasomaji kutoka Uganda hawahitaji maelezo. Kwetu, watu wa umri wa mama yangu walisikia Kiswahili kutoka kwa askari mwenye bunduki aliyesimamisha basi usiku. Serikali inaweza kupitisha uamuzi, kama baraza la mawaziri lilivyofanya Julai 2022 likiagiza lugha hii ifundishwe shuleni, lakini uamuzi haufuti kumbukumbu ya mtu aliyelazwa kifudifudi kando ya barabara. Kaka aliposema vile alikuwa anazungumza kwa mdomo wa mama. Na chini ya maneno hayo kulikuwa na mengine ambayo hakuyasema: nilikufahamu, sasa sikufahamu.

Ni albamu hiyohiyo iliyonisaidia kuelewa kwa nini nipo hapa. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilimsikilizisha mwenzangu mmoja anayetoka Lubumbashi. Tulipofika kwenye sauti ya Oppenheimer aliniuliza kama najua urani ya bomu lile ilitoka wapi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi wa Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, wakati Kongo ilipokuwa koloni la Ubelgiji, katika mkoa ambao Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini. Alinieleza hayo kwa Kiswahili cha kwao, chenye maneno ya Kifaransa ndani yake, nami nikamjibu kwa Kiswahili changu cha darasani. Nilikuwa nimeisikiliza albamu ile mara nyingi kama hadithi ya Marekani na Japani. Siku ile ikawa pia hadithi ya wachimbaji waliopeana maagizo katika lugha ninayoisoma, wakabeba mawe wasiyoambiwa yanakwenda wapi. Kiingereza hakikuniletea habari hiyo, wala fizikia niliyofaulu. Ililetwa na lugha ya vizuizi vya barabarani.

Sisemi kwamba kila badiliko ni zuri. Mei 2017 bendi ilitoa One More Light, albamu iliyogeukia muziki laini wa redioni, na nyimbo zake nyingi ziliandikwa pamoja na watunzi wa nje. Isipokuwa wimbo wenye jina la albamu, ambao ni wa kuomboleza, siipendi. A Thousand Suns ilinitaka nikae chini dakika 47 na kufikiri. Hii hainitaki chochote. Hapo kaka nami tunakubaliana. Kipimo changu ni hicho: badiliko likimtaka msikilizaji ajitahidi zaidi, nalipa nafasi, likimtaka ajitahidi pungufu, nalitilia shaka. Kipimo hicho hakina budi kunipima na mimi. Ikiwa nimekimbilia Kiswahili kwa sababu uhandisi ni mgumu, basi kaka ana haki. Ndiyo maana huwa napeleka matokeo yangu nyumbani kila muhula, na huwa namwonyesha pia insha ambazo hawezi kuzisoma, ili aone wingi wa wino mwekundu.

Miezi miwili baada ya albamu hiyo, tarehe 20 Julai 2017, Bennington alijiua. Kuna waliosema kwamba ameuawa na matusi ya mashabiki. Mimi sithubutu kusema hivyo. Alikuwa amezungumza wazi kwa miaka mingi juu ya mateso ya utotoni na vita vyake na ulevi, na kifo cha namna hiyo hakina sababu moja ya kunyooshea kidole. Ninachoweza kusema ni kwamba jioni ile kaka yangu, aliyeitangaza bendi kuwa imekufa tangu mwaka 2007, alifunga kibanda chake mapema. Hakucheza Meteora. Alikaa kimya.

Nadhani alitambua kwamba mtu aliyekuwa akilia badala yake alikuwa mtu kweli, mwenye umri unaosonga na siku zake mwenyewe, si sauti iliyohifadhiwa ndani ya sidii. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo. Novemba 2024 bendi ilipotoa From Zero ikiwa na mwimbaji mpya, Emily Armstrong, nilimtumia wimbo mmoja. Alijibu kwamba gitaa limerudi, lakini si wao. Kisha akaongeza kwamba yule dada anajua kupaza sauti.

A Thousand Suns inaisha na wimbo uitwao The Messenger. Baada ya mashine zote zile, bomu na hotuba, zinabaki gitaa la kawaida, piano na sauti ya Bennington ikikwaruza. Kaka hajawahi kuufikia, kwa sababu huzima albamu mapema. Ombi langu kwake ni dogo: aisikilize yote mara moja, kwa mpangilio wake, ndipo aichukie. Sitarajii abadili msimamo. Hata juu yangu hajaubadili. Bado akiulizwa na wateja husema mdogo wake anasoma chuoni, bila kutaja anasoma nini. Lakini ada ya muhula ujao ameshailipa.