Mkate Usio na Ngano

Tabibu alipomkataza binti kula ngano, kwa sababu gluteni iliyomo huyadhuru matumbo ya wenye maradhi ya siliaki, mama mmoja wa Mombasa aliazimu kuwa mtoto hatakula peke yake: nyumba nzima itamfuata. Chapati za unga wa mchele, ambao hauna mnato wa ngano, zilivunjika juu ya chuma. Baba akaomba kijiko. Bibi akalalama kuwa mzima halishwi dawa. Siku ya tatu ukaja mkate wa kumimina: mchele, tui, hamira, sukari na iliki. Bibi alikula vipande vinne, akatamka kuwa hicho ndicho chakula cha wazee wake, nacho, alhamdulillahi, hakina mambo ya hospitali. Binti, mwenye kipande cha tano mkononi, aliinamisha uso asicheke.