Msamvu, Mtaa wa Njia Panda

Njia za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa hukutana Msamvu, chini ya milima ya Uluguru. Msafiri huujua mtaa huu kwa dakika chache: mahindi ya kuchoma, maji ya chupa, kisha honi. Mkaazi huujua kwa usingizi uliozoea ngurumo za malori, na kwa riziki iletwayo na barabara.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka. Petroli ilipomwagika, watu waliiona nayo kuwa ni riziki, wakaikimbilia na madumu. Moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafariki, wengine wasitambulike, wakazikwa Kola.

Mabasi hayakukoma. Abiria akiuliza hapa ni wapi, hujibiwa kwa neno moja. Mkaazi, akilisikia neno hilo, huwakumbuka jirani.