Kazi ya Baada ya Miaka Sitini

Katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, Paulo ameweka sharti la umri: mjane asiandikwe katika orodha ya kanisa kabla hajatimiza miaka sitini, tena awe mtu aliyewahi kuosha miguu ya watakatifu. Serikali ya Kenya nayo, tangu mwaka 2009, humstaafisha mtumishi wake akifika miaka hiyo hiyo sitini. Nilipoifikia, mwaka 2015, nilikuwa muuguzi na nilikuwa mjane. Serikali ilinipa barua, nayo kanisa likanipa kazi.

Nilianzia uuguzi Tenwek, kule Bomet, katika miaka ya 1970. Wamishenari wa World Gospel Mission walikuwa wamefungua kazi pale tangu miaka ya 1930, na Daktari Ernest Steury, aliyewasili mwaka 1959, alikuwa daktari wa pekee kwa miaka mingi ya mwanzo. Kabla ya kugusa sindano tulifundishwa kutandika kitanda mgonjwa akiwa bado amelala juu yake, kumwogesha bila kumwacha uchi hata dakika moja, na kumgeuza kila baada ya saa mbili ili ngozi isichubuke ikawa kidonda. Ilikuwa kazi ya anayeanza. Ulipopanda ngazi uliwaachia waliokuja nyuma yako, ukashika funguo za kabati la dawa na daftari la ripoti. Baadaye niliajiriwa na serikali, nikazunguka zahanati na vituo vya afya, nikizalisha na kuchanja. Niliitwa Sista popote nilipopita, na hata dukani nilipishwa mbele.

Nyumbani kwangu ni Kedowa. Ni nchi ya juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, penye baridi, viazi, mahindi na maziwa, na reli ya kwenda Kisumu inapita hapo. Wazee wengi wa huku waliteremka Kericho wakiwa vijana, wakachuma chai katika mashamba makubwa. Wengine walibaki na vishamba vyao baada ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, kuanzishwa mwaka 1964, wakawa wanapeleka majani yao kwenye mizani ya kituo. Kazi hiyo imewaachia migongo isiyonyooka na magoti yasiyokunjika. Na watoto wao wako Nairobi, Nakuru na Eldoret.

Mwaka ule niliostaafu, akina mama wa kanisa letu la Africa Gospel walinituma kwa nyanya mmoja aliyekuwa hajatoka kitandani tangu mvua za Aprili. Nilimkuta juu ya godoro lililolowa, mjukuu wa miaka kumi akiwa ndiye mwangalizi wake. Presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Hakuhitaji dawa yoyote niliyowahi kuifungia kabatini. Alihitaji maji ya moto, sabuni, na mtu asiyeogopa harufu.

Nieleze jinsi inavyofanywa, kwa kuwa wengi hudhani ni huruma tu inayotakiwa. Beseni ni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza. Unaanza na uso, kwa maji matupu. Kisha mkono mmoja, unaukausha, unaufunika kwa blanketi, ndipo uende kwa wa pili, kwa kuwa baridi ya Kedowa haimsubiri mzee. Miguu unailoweka, maana kucha za uzeeni hazikatiki zikiwa kavu. Katikati ya vidole unafuta polepole na kukausha kabisa. Unamgeuza ubavu, unatazama nyonga, visigino na mfupa wa chini ya mgongo: ukiona pekundu pasiporudi rangi yake, hapo kidonda kinakuja. Unapaka Arimis, hiyo hiyo ya kukamulia ng'ombe. Chini ya shuka unaweka karatasi ya nailoni, na mgongoni unamwegemeza mto. Ukiharakisha, mgonjwa anajua. Mwili wa mzee hutambua mara moja mkono unaotaka kumaliza uende zako.

Nyanya yule alikuwa na vidole vilivyokunjika, na alipokuwa majini alipenda kunionyesha jinsi walivyokuwa wakichuma majani mawili na ncha, kwa mikono yote miwili, bila kutazama. Aliniita mwanangu. Hakuwahi kujua kwamba niliwahi kuvaa sare, na sikuona sababu ya kumwambia. Siku alipoaga dunia nilimwogesha mara ya mwisho pamoja na binti zake.

Naamini kwamba Yesu alipojifunga kitambaa kiunoni ili kuosha miguu ya wanafunzi wake, hakuwa anaigiza. Miguu ile ilikuwa michafu kweli, na mtu alihitajika wa kuisafisha. Ndiyo maana sipendi ibada zile ambapo kiongozi huosha mguu uliokwisha kuoshwa nyumbani, kamera zikimtazama.

Ugumu ulikuja kwa wanaume. Kwa Wakipsigis, mkamwana hawezi kumwona baba mkwe bila nguo, na mzee mwenyewe ni heri afe kuliko kugeuzwa na mke wa mwanawe. Sioni kosa katika heshima hiyo. Lakini nimekuta mababu waliolala katika uchafu wao wiki nzima wakimngoja kijana arudi mwisho wa mwezi, na mwanamke aliye nyumbani akilia jikoni kwa kushindwa kusaidia. Mimi mwenyewe nikiingia, mzee aligeukia ukuta. Nikasimama kanisani nikasema wazi kwamba tunahitaji wanaume. Kulikuwa na kimya kirefu. Aliyejitokeza kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye nusu ya waumini waliwahi kusimama mbele yake wakitetemeka. Nilimfundisha juu ya kitanda changu, kwa kutumia gunia la viazi. Sasa wako kadhaa, na wazee huwapokea kwa mazungumzo ya ng'ombe na bei ya maziwa huku wakioshwa.

Kiongozi wetu, kwa kusema kweli, ni kijana. Serikali ilipowapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mwaka 2023, mmoja wao alikuwa binti wa huku, rika la wajukuu wangu. Ana mashine ya presha na ya kupima sukari, ana simu ya kujazia taarifa. Yeye ndiye anayepanga ni nyumba gani iendewe kwanza, nami naenda anakoniambia. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF katika bima ya afya ya serikali, Oktoba 2024, ameandikisha wazee wengi wasiokuwa na simu, na huwafuatilia waliotimiza miaka sabini ili wapate zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee. Anafanya hayo vizuri kuliko ambavyo ningefanya. Kumtii kumenipa furaha ambayo sikuwahi kuipata nilipokuwa mkubwa wa kituo.

Baada ya ajali ya barabarani ya Londiani Junction, tarehe 30 Juni 2023, iliyoua watu zaidi ya hamsini, katika daftari letu la wagonjwa yaliingia majina ya watu wasio wazee. Nchi nzima ilichangia mazishi, na ilikuwa haki. Ila waliorudi nyumbani wakiwa na mifupa iliyovunjika walikaa ndani miezi, na michango ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo nina neno na wazee wa kanisa, na nitaendelea kulisema. Tunanunua mahema na viti vya plastiki vya matanga bila mjadala. Harambee ya jeneza hutimia kwa siku mbili. Godoro la mgonjwa aliye hai hujadiliwa vikao vitatu. Tuna kiti kimoja cha magurudumu kinachozunguka kutoka boma hadi boma kwa bodaboda, na wiki hii kinatakiwa nyumba nne. Ombi langu limeandikwa kwa ajili ya bajeti ya Januari: viti viwili zaidi, magodoro sita, mipira ya kulalia, na nauli ya yule binti. Mwalimu mkuu ametia sahihi chini yangu.