Pesa ya Bweni Ilivyoponea kwenye Waya

Gari letu kuukuu lilianza kutuzimikia njiani, kila tukitoka Nachingwea kwenda Ruangwa kumwona bibi yao watoto. Moshi mweusi, mafuta yanaisha haraka, na injini ikishapata moto haiwaki tena. Fundi akasema sensa ya joto imekufa, ninunue nyingine. Mfukoni nilikuwa na pesa ya bweni ya binti yangu tu.

Mke wangu akauliza, "Kwani ameipima?"

Hakuipima. Jioni nikaazima mita ya umeme, binti akashika tochi ya simu. Tukachomoa soketi ya sensa, tukawasha swichi bila kuwasha injini. Hapo waya hutakiwa kuonyesha karibu volti 5. Sifuri! Na sensa yenyewe nilikuwa nimeichomoa, basi kosa lake lingetoka wapi?

Tukaufuata waya kwa vidole. Binti ndiye aliyeona: nyuma ya injini umesuguana na chuma mpaka ukakatika. Tukauunga kwa risasi, tukauzungushia teipu, tukaufunga mbali na chuma. Mita ikasoma 5.

Bweni nimelipa. Sasa binti anadai mita yake mwenyewe.